Alikimbia Kilomita 30 Ndipo Acheze Mpira

Mwezi uliopita niliahidi kwamba ukurasa huu utakuwa juu ya mitihani ya muhula. Naomba mnisamehe, mitihani itangoja toleo lijalo, kwa sababu kuna jambo limetokea darasani kwangu na sidhani kama ni la nyumba moja tu.

Mvulana mmoja wa darasa la sita (jina lake sitaliandika, na wanaomjua tafadhali wasimtaje) hakuonekana shuleni wiki tatu nzima. Nilidhani ni malaria. Siku moja jioni nikaenda kwao. Nikamkuta mzima kabisa, anapigapiga mpira wa makaratasi nyuma ya nyumba. Baba yake akanipa kigoda, akanieleza. Kumbe kuna mtu alikuja kutoka mjini, ana simu yenye picha za wachezaji wakubwa, amekaa nao kwenye picha kama ndugu zake. Akamwambia mzee kwamba mtoto ana kipaji, aache kupoteza muda darasani, afanye mazoezi miezi mitatu, halafu atapelekwa nje kucheza. Kuna pesa kidogo tu ya karatasi. Basi familia ikauza nusu ya mahindi ya mgao na maharage yote, na mama akatoa vitenge vyake viwili. Hiyo ilikuwa awamu ya kwanza.

Nikasema, mzee, na shule? Akaniangalia kwa heshima tu, hakuwa na hasira, akaniambia: "Mwalimu, wewe umesoma mpaka ukamaliza sekondari, na bado uko hapa hapa na sisi, unajitolea. Mwanangu ana miguu."

Nilirudi kwangu bila jibu. Nilikasirika kidogo, nitasema ukweli. Lakini baadaye nikamkumbuka mtu ambaye habari zake nilizisoma nikiwa kidato cha tatu, na nikaona nizitafute tena vizuri. Mtu huyo alikuwa na miguu kweli kweli, na aliishi kambini miaka kumi. Anaitwa Lopez Lomong.

Alizaliwa mwaka 1985 katika kijiji cha Kimotong, kusini mwa Sudan ya wakati ule, ambayo leo ni nchi ya Sudan Kusini. Nyumbani alikuwa Lopepe. Hilo la Lopez alilipata baadaye kambini. Mwaka 1991, akiwa na miaka sita, alikuwa na wazazi wake kwenye misa ya Jumapili chini ya mti. Wanajeshi waasi wakafika na lori, wakachukua watoto. Walimnyakua mikononi mwa mama yake. Wakawafungia kwenye kibanda kilichojaa watoto, na chakula chao kilikuwa mtama uliochanganyika na mchanga. Watoto waliokula sana ule mchanga walikufa. Wengi waliobaki walikuwa wanangoja wakue wapewe bunduki.

Yeye alikuwa mdogo mno hata kubeba bunduki. Vijana watatu wakubwa waliotoka upande wa kwao wakamhurumia. Baada ya wiki tatu hivi, usiku, wakapita kwenye tundu la uzio pamoja naye, wakakimbia. Walikimbia siku tatu, saa nyingine wakimbeba au kumburuta mkono, mpaka wakaingia Kenya bila kujua kwamba wamevuka mpaka. Askari wa Kenya wakawakamata, na mwisho wake akafika Kakuma. Wale vijana watatu baadaye hakuwaona tena.

Wasomaji wetu wengi mnaelewa sehemu hiyo bila maelezo yangu. Nyinyi mliovuka hapa Busia na Malaba mwaka 2008 mkapitia Mulanda, nyinyi wa Kongo, nyinyi wa Sudan Kusini, kila mmoja ana njia yake na tundu lake la uzio. Kwa hiyo napita haraka niende kwenye mpira.

Pale Kakuma wavulana waliishi kumi kumi kwenye hema moja, bila wazazi. Chakula kilikuwa mara moja kwa siku. Kitu cha kuwafurahisha kilikuwa mpira wa miguu, na kama kawaida mpira mmoja, uwanja mmoja, na wavulana mamia wote wanataka kucheza. Ugomvi kila siku. Sasa wale wakubwa wakatunga sheria: anayetaka kucheza leo, kwanza aizunguke kambi yote kwa kukimbia. Mzunguko mmoja ulikuwa kama kilomita 30. Miguu mitupu, jua la Turkana.

Niliwapa wanafunzi wangu hesabu hiyo. Uwanja wetu tulishaupima kwa kamba, ukizunguka mistari yake ya nje ni mita 320. Gawanya mita 30,000 kwa 320. Walipata karibu mizunguko 94, na darasa zima likapiga kelele. Mmoja akauliza, "Mwalimu, halafu ndio unaanza kucheza?" Ndiyo. Halafu ndio unaanza kucheza.

Hivyo Lopez hakujua kwamba anafanya mazoezi ya riadha. Yeye alikuwa mchezaji wa mpira tu, anayelipa kiingilio. Alisema mwenyewe baadaye katika kitabu chake cha mwaka 2012 kwamba akiwa anakimbia alisahau njaa, alisahau na mama yake.

Mwaka 2000 ikaja Olimpiki ya Sydney. Yeye na wenzake walisikia kwamba kuna mtu nje ya kambi ana televisheni, ile ya rangi nyeusi na nyeupe, inawashwa kwa betri ya gari. Walitembea kama kilomita nane, wakalipa shilingi tano kila mmoja. Hapo ndipo alipomwona Michael Johnson wa Marekani akishinda mita 400. Mtu mweusi kama yeye, anakimbia, na watu wanamshangilia. Akarudi kambini usiku akijiambia kwamba na yeye anataka kukimbia akiwa amevaa zile herufi za USA kifuani. Fikiria mtoto wa Kakuma anasema hivyo. Wenzake sijui walicheka kiasi gani.

Sasa wazazi, hapa naomba tusome polepole. Hakuna ajenti aliyekuja. Kilichokuja ni tangazo kwamba Marekani itapokea vijana wa Sudan waliopotezana na wazazi, na kila anayetaka aandike insha ya maisha yake. Kiingereza cha Lopez kilikuwa kidogo sana. Akaiandika kwanza kwa Kiswahili, kisha ikageuzwa kuwa Kiingereza. Aliweza kuandika kwa sababu alikuwa anakwenda darasani, lile la kuandika kwa kidole au kijiti kwenye mchanga. Katika karatasi ile hakuna aliyempima kasi ya miguu. Hakulipa hata senti.

Mwaka 2001 akaondoka. Alikuwa na miaka 16. Alipokewa na Robert na Barbara Rogers katika mji mdogo uitwao Tully, jimbo la New York. Usiku wa kwanza alilala taa inawaka, kwa sababu hakujua inazimwaje na aliona aibu kuuliza. Alioga maji baridi kama barafu kwa sababu hakujua kwamba bomba lina upande wa moto. (Nikisoma sehemu hiyo darasani watoto hucheka, mimi hunyamaza kidogo.)

Shuleni alitaka kucheza mpira wa miguu. Ndio mchezo aliokuwa anaujua. Kocha wa mbio za nyika ndiye aliyembembeleza aje upande wake. Akaja, akashinda, akamaliza sekondari ya Tully. Kisha akaingia chuo kikuu, kwanza Norfolk State kule Virginia, halafu Northern Arizona.

Nieleze kidogo mambo ya vyuo vya kule, maana watu wetu wengi wanachanganya. Marekani timu za vyuo vikuu ni kitu kikubwa. Iwe mpira wa miguu, iwe ule mpira wao wa kukumbatiana na kofia ngumu, iwe riadha, kijana anayefanya vizuri chuo kinaweza kumlipia ada. Lakini ana mabosi wawili, kocha na mwalimu. Akianguka masomo chini ya kiwango, haruhusiwi kushindana hata akiwa na mbio za duma. Kwa hiyo mkimbiaji wa chuo anaamka alfajiri kwa mazoezi, anaingia darasani, jioni mazoezi tena, usiku vitabu. Yule bwana wa simu hakuyataja hayo kwa mzee wetu.

Mwaka 2007 Lopez akawa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mara mbili: mita 3,000 katika ukumbi wa ndani, kisha mita 1,500 uwanja wa nje. Tarehe 6 Julai mwaka huohuo akala kiapo cha uraia wa Marekani. Tarehe 6 Julai 2008, mwaka mmoja kamili, siku ileile, alimaliza wa tatu katika fainali ya mita 1,500 ya kuchagua timu ya Olimpiki, akapata nafasi. Na angalia waliomtangulia: wa kwanza alikuwa Bernard Lagat, mzaliwa wa Kenya, wa pili Leonel Manzano, mzaliwa wa Meksiko. Wakimbiaji wote watatu wa Marekani katika mbio ile walizaliwa nchi nyingine.

Kule Beijing manahodha wa timu zote za Marekani wakapiga kura nani abebe bendera. Wakamchagua yeye. Tarehe 8 Agosti 2008 kijana wa Kakuma aliingia uwanjani akiwa mbele ya timu nzima, mamia ya watu nyuma yake. Katika mbio zenyewe hakufika fainali, aliishia nusu fainali. Hilo nalo tuliandike, tusiwadanganye watoto.

Kuna kisa kimoja cha Aprili 2012 ambacho nakipenda kuliko medali yoyote. Alikuwa anajaribu mita 5,000 kule California, umbali ambao hakuuzoea. Ni mizunguko kumi na miwili na nusu. Akakosea kuhesabu. Mzunguko mmoja kabla ya mwisho akachomoka kwa nguvu zake zote, akawaacha wenzake mbali, akavuka mstari, akasimama. Amemaliza! Watu wanapiga kelele, kumbe wanamwambia bado. Akageuka akaona wenzake wanakuja, ikabidi aanze tena kukimbia, pumzi imeshaisha. Akauzunguka uwanja mara nyingine, na akashinda vilevile, kwa dakika 13 na sekunde 11. Miezi michache baadaye alikuwa kwenye fainali ya mita 5,000 ya Olimpiki ya London, akawa wa kumi.

Aliendelea mpaka umri ambao wakimbiaji wengi wanakuwa wamekwisha. Mwaka 2019 alikuwa bingwa wa Marekani wa mita 5,000 na 10,000, na huko Doha, kwenye mashindano ya dunia, alikuwa wa saba katika mita 10,000. Alikuwa na miaka 34.

Hiyo ni miguu. Maisha mengine je? Desemba 2011 alihitimu Northern Arizona, shahada ya usimamizi wa hoteli na mikahawa. Tayari alikuwa amekwenda Olimpiki, ana jina, ana wadhamini, angeweza kusema shahada ya nini. Alirudi akamaliza. Baadaye akaanzisha kazi ya kusaidia Sudan Kusini kwa maji safi, shule, chakula na matibabu, akishirikiana na World Vision.

Na mama yake. Mwaka 2007 Lopez alirudi Afrika, akakutana na mama yake Kenya, miaka 16 tangu anyakuliwe kwenye misa. Kisha akafika Kimotong kwenyewe. Pale akaonyeshwa kaburi lake. Familia ilikuwa imeshamlilia, ikamfanyia matanga, ikalundika mawe kama desturi. Ilibidi kaburi lile liondolewe kwa mila ndipo ahesabiwe tena kuwa hai. Alipokuwa ameondoka alikuwa na wadogo ambao hakuwajua. Wawili, Peter na Alex, akawapeleka Marekani. Ninyi mnajua jinsi mtu akifika kule simu zinavyoanza kumiminika, kila mmoja anaomba chake. Lopez aliwapeleka wadogo zake shule ya bweni kule Virginia. Peter baadaye akakimbia kwa chuo kilekile cha kaka yake.

Najua kuna watakaosema, mwalimu, huyo ni mkimbiaji, sisi tunaongea mpira. Sawa. Awer Mabil alizaliwa Kakuma mwaka 1995, akaanza kucheza hapo hapo kwa mpira wa vitambaa na plastiki, na mwaka 2006 familia yake ikahamishiwa Australia. Juni 2022, katika mechi ya mwisho ya kufuzu Kombe la Dunia, Australia na Peru zilikwenda penalti. Mabil akapiga ya sita, ikaingia. Peru wakakosa yao. Australia ikaenda Qatar. Mabil naye hakununuliwa na mtu mwenye simu. Alihama na mama yake, akasoma, akachezea timu za vijana kwanza.

Basi Jumapili iliyopita nikarudi kwa yule mzee nikiwa na habari hizi zote kwenye daftari. Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, mama naye akaacha kuchambua mboga. Halafu mzee akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Na kama ile insha isingechaguliwa?"

Ni swali la haki. Maelfu waliandika, maelfu walibaki Kakuma. Na leo mlango wenyewe si ule. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na kuna watu hata katika kambi hii waliokuwa wamefika hatua ya kupimwa afya, wakarudishiwa faili. Siwezi kumwambia mzee kwamba mtoto akisoma ataitwa. Nikisema hivyo nitakuwa sina tofauti na yule bwana wa simu.

Nilimjibu kwamba waliobaki hawakukaa bure. Mwaka 2016, Olimpiki ya Rio ilipokuwa na timu ya wakimbizi kwa mara ya kwanza, watu kumi walichaguliwa, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka Kakuma. Aliyebeba bendera alikuwa msichana, Rose Nathike Lokonyen. Hao walichaguliwa kwa kukimbizwa wazi mbele ya makocha, saa mkononi, hakuna awamu ya kwanza wala ya pili. Na nikamwambia jambo la pili: Lopez alikuwa na vitu viwili, miguu na darasa. Insha ilipoitishwa, ni darasa lililojibu. Sasa huyu kijana wake anayo miguu, lakini wiki tatu hizi yule bwana amemfanya auze kile cha pili.

Mzee hakusema kitu. Mama ndiye aliyesema. Alisema vitenge havitarudi, hilo anajua, lakini awamu ya pili haitolewi.

Kijana alirudi darasani Jumatatu. Amekaa nyuma, hajazungumza sana, na ana deni la sehemu na asilimia. Baba yake bado anaiweka simu karibu, nimemwona. Yule bwana hajapiga.

Nawakumbusha wazazi wote: huduma za UNHCR na washirika wake ni bure. Mtu akiomba pesa ili jina la mtoto liingie kwenye orodha yoyote, ya mpira, ya masomo au ya safari, msimpe. Nendeni mezani kwa watu wa ulinzi mkaeleze, hata kama mlishatoa na mnaona aibu. Hamko peke yenu. Tangu niende kwa mzee huyu, familia nyingine mbili zimenijia kimyakimya na hadithi ileile.

Mpira unaendelea kama kawaida, Jumatano na Jumamosi saa kumi jioni, wavulana na wasichana. Tumekubaliana na kocha sheria moja ya Kakuma, tukaipunguza kwa huruma: kabla ya kucheza, mizunguko mitano, na kuonyesha daftari la wiki. Insha za "Njia niliyopita" zitapokelewa kwenye sanduku la maktaba mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Kiswahili kinaruhusiwa.